Tuta Langu na Kadi ya Ugbad

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kazi imepatikana. Siku sita. Kukata miti ya mathenge na kusawazisha ile barabara ya zamani ya changarawe nje ya mji. Nyapara ni Mahat. Ati kunakuja mashindano ya magari ya kizamani, Ijumaa mpaka Jumapili. Nikamuuliza, ya zamani kiasi gani? Akasema mengine yamekuzidi umri, Bishar. Mimi nina hamsini na tatu! Watu wana magari mazuri, wanayaacha Nairobi, wanaleta mazee kuja kukimbiza kwa vumbi letu. Sawa. Kazi ni kazi.

Miiba mitatu kwa kiganja. Binti yangu Ugbad ameitoa na sindano. Nikamwambia habari ya magari. Sindano ikasimama.

— Aabo, mtu wa kamera ataruhusiwa?

Sijui. Nitauliza.

Jumanne, 11 Februari

Jua kali. Mgongo.

Mahat amesema msichana anaweza kuja, lakini asimame nyuma ya kamba. Ugbad hajalala vizuri tangu jana, naona macho.

Msichana wangu ana miaka ishirini na moja. Kazi yake ni picha za harusi, upande wa wanawake. Hapa kwetu mwanamume haingii huko. Simu zote zinachukuliwa mlangoni, zinawekwa kwa beseni, mama mmoja anazikalia. Kamera ni moja tu ndani, ya Ugbad. Wanawake wanavua shiela, wanacheza, nywele nje, na yeye anapiga. Halafu anachapisha albamu moja, anampa bibi harusi, anafuta kila kitu. Kwa hiyo wanamwita yeye. Hakuna picha yake hata moja imewahi kutoka.

Mimi ni baba yake na sijawahi kuona picha yake hata moja. Wallahi. Miaka mitatu! Zamani alikuwa anaenda na mama yake. Tangu Saado afariki mimi ndio nabeba begi mpaka mlangoni, nakaa nje kwa jiwe, nangoja. Watu wanatoka wanasema mashallah, binti yako ana jicho. Nasema alhamdulillahi. Jicho lenyewe sijui likoje.

Gari naweza kuona. Gari haina shiela.

Jumatano, 12 Februari

Leo tumejaza shimo kubwa karibu na kile kichuguu, kona ya tatu. Mahat alitaka tusawazishe. Mimi nikamwaga wilibaro nyingi zaidi, nikashindilia, ikawa tuta. Mahat akaja akaliangalia. Akasema hii itawarusha. Nikasema si wamekuja kucheza? Akacheka. Akasema kesho mkubwa wa njia wa hao wa mashindano aje apime, akisema toa tutatoa.

Sukari imeisha. Daftari nayo iko karibu kuisha. Mwalimu wa gumbaru, shule yetu ya watu wazima, alisema andika kila siku, la sivyo herufi zinatoroka. Mwalimu alihamishwa Elwak. Mimi bado naandika. Kiswahili tu, hiyo ndiyo nilifundishwa kuandika. Kisomali kiko mdomoni, hakishuki kwa kalamu.

Alhamisi, 13 Februari

Mkubwa wa njia amepita. Amepanda juu ya tuta langu na buti zake, ameruka-ruka kama mtoto. Amesema liache.

Jioni harusi ya Barwaqo, binti wa Weris. Weris ana duka la vitambaa karibu na stendi, mama wa mwili mkubwa, sauti ya kuita ngamia. Alikaa mlangoni mwenyewe na beseni ya simu. Hata dada yake hakumwonea huruma. Toa! Toa hiyo nyingine pia, nimeona umeficha! Wanawake wakacheka.

Nikampa Ugbad begi. Weris akaniangalia.

— Bishar, huyu tunamwamini kwa sababu tulimwamini mama yake. Unajua?

Nikasema najua.

Nilikaa kwa jiwe. Makofi, nyimbo, vigelegele. Ugbad alitoka jasho tupu, anacheka peke yake. Ilikuwa nzuri sana, alisema. Zaidi hasemi, na mimi siulizi. Bwana harusi ni Muse, kijana wa ukoo wa Mahat, mtoto wa ami yake. Wanakaa siku saba za ndani kwa nyumba ya nyuma, hapo hapo kwa Weris.

Ijumaa, 14 Februari

Wamekuja! Baada ya sala ya Ijumaa tumewakuta wamejipanga. Ishirini na nane, nimehesabu. Pijo 504 nyeupe, ile ya zamani kabisa, nambari 14 mlangoni. Baba yangu alisafiri na Pijo kama hiyo kwenda Liboi, watu kumi na mbili ndani. Datsun za bluu. Volvo kama sanduku. Moja fupi nyekundu, sauti yake ni kama mtu anapasua bati. Wenyewe nao ni wazee! Mwenye Pijo ni mzungu wa miaka sabini na kitu, nywele nyeupe, mkono unatetemeka akishika kikombe. Akishika usukani hautetemeki. Niliangalia makusudi.

Wapiga picha kutoka Nairobi wako saba. Vioo vya kamera zao ni virefu kama bomba la kisima. Ugbad na kamera yake ndogo, aliinunua mkono wa pili Dadaab, kile kioo cha nyuma cha kuangalia picha kimekufa. Anaangalia kwa kitundu tu na anaamini. Mmoja akamwambia kwa ucheshi, dada, hiyo ni ya kupiga ama ya kuweka miraa? Ugbad akamjibu, ni ya kukuonyesha kesho.

Leo ilikuwa majaribio tu. Amesimama na wale saba mahali pamoja, upande upepo unakopeleka vumbi. Gari ya kwanza imepita, wote wakamezwa na vumbi. Alirudi kwangu uso mwekundu kama tofali, kope zote.

— Aabo, nimepiga vumbi. Vumbi tupu.

Nikacheka mpaka kifua kikauma. Halafu nikamwambia: wewe usisimame na watu. Simama na upepo. Na usingoje gari hapa chini, nenda kwa kona ya tatu. Pale nimeshindilia mimi, najua itafanya nini. Itatokea nyuma ya kichuguu, huioni, huioni, halafu iko juu.

Amefikiri kidogo. Akasema, kama bibi harusi akitoka nyuma ya pazia.

Mimi sijui pazia la harusi. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi. Naandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Asubuhi nilishika bendera ya njano kona ya tatu. Ugbad alilala chini karibu na kichuguu, upande wa upepo safi, nyuma ya kamba. Buibui yote changarawe. Gari tano, sita, zinapita, anapiga, anatikisa kichwa. Halafu nikasikia Pijo. Ina sauti yake. Ilitoka nyuma ya kichuguu na ikapanda tuta langu na ikaondoka chini! Wallahi, yote, magurudumu yote! Niliona anga chini ya gari. Nimesahau hata bendera. Gari ilianguka kule mbele, ikapepesuka, ikaenda.

Ugbad alibaki amelala. Nikasema umepata? Akasema, nadhani. Aabo, nadhani!

Adhuhuri akaenda kutawadha na kuswali na akina mama wanaopikia wageni. Alitoa kadi ya kamera, kitu kidogo kama ukucha. Akanipa. Akasema weka mfukoni, Aabo, usitoe, usimpe mtu. Mimi nilidhani anaogopa vumbi.

Nilidhani vumbi. Naandika mara mbili kwa sababu ni kweli.

Nikapita karibu na hema. Kuna mtu wa Nairobi mwenye miwani, mkubwa wa picha, sisi vibarua tunamwita Bwana Picha. Ana laptopu mbili. Wale saba wanamletea kadi zao, anachomeka, picha inatokea kubwa. Nikasimama nje ya hema. Nikaona gari zao, nzuri, lakini zote ziko chini. Hakuna iliyoruka.  Msichana wangu anayo iliyoruka! Na mimi nimengoja miaka mitatu kuona picha yake.

Nikaingia. Nikasema, mkubwa, binti yangu ana moja ya Pijo. Naomba nione tu.

Alikuwa mtu mzuri. Alisema karibu mzee, keti. Akachomeka. Ikatokea.

Ni kweli aliipata. Pijo iko hewani, kivuli chake kiko chini peke yake, kichuguu kiko kando, changarawe yangu inamwagika kutoka kwa magurudumu kama maji. Na mzee ndani anacheka. Unaona meno. Bwana Picha akasogeza miwani karibu na kioo. Halafu akaita watu. Njooni muone! Akaja mwenye Pijo mwenyewe, mafundi wake wawili, askari wa lango, na Mahat. Mzee wa Pijo akaweka mkono begani kwangu. Akasema kwa Kiswahili cha zamani, bwana, miaka arobaini na minane nina gari hii, sijawahi kuona inafanya hivi.

Mimi nilikuwa mrefu kama mlingoti.

Bwana Picha akasema tuone zingine. Akabonyeza kurudi nyuma. Pijo. Datsun. Vumbi. Vumbi. Halafu Barwaqo.

Amevaa nyekundu na dhahabu, nywele zimeachiliwa mpaka kiunoni, mikono hina, anacheka kichwa nyuma. Nyuma yake wanawake. Weris mwenyewe, bila kitu kichwani, anacheza.

Niliweka mkono juu ya kioo. Huu mkono, na uchafu wake. Nikasema funga. Funga! Bwana Picha alifunga haraka, hakuelewa, anasema pole mzee, pole, ni nini?  Nikageuka. Mahat alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikatoa kadi. Ugbad akarudi kutoka kwa sala, nikampa. Akauliza, uliweka vizuri? Nikasema ndiyo.

Nilisema ndiyo.

Jumapili, 16 Februari

Nimemwambia baada ya Alfajiri. Alikuwa anakoroga chai. Nilisema yote bila kusimama, kama mtu anatapika.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliuliza tu.

— Nywele zilionekana?

Ndiyo.

— Uso?

Ndiyo. Na mama yake pia.

— Watu wangapi?

Sita. Na mimi saba.

— Wa hapa?

Askari ni wa Mwingi, hamjui mtu. Wa hapa ni Mahat.

Akazima jiko. Chai haikunywewa. Akasema hizo picha za harusi hazina nakala, ziko kwa hiyo kadi peke yake. Laptopu anayotumia ni ya rafiki yake Nimco, na Nimco yuko Dadaab kazini mpaka kesho. Ndiyo maana hazikufutwa. Kadi ana moja tu. Alijua si vizuri kuchanganya. Lakini gari zinakuja mara moja, alisema. Kosa ni langu pia, Aabo.

Si lako. Nimemwambia si lako.

Tulienda kwa hema pamoja. Nilibaki mlangoni safari hii. Kumbe hiyo mashine ikichomekwa kadi inavuta kila kitu yenyewe, inaweka tumboni. Zilikuwa zimebaki mle, zote, harusi nzima! Bwana Picha mwenyewe alishtuka. Alitoa watu nje, akamwachia Ugbad kiti, akasimama kando na kuangalia turubai. Ugbad akafuta, akatafuta tena, akafuta. Nusu saa. Akatoka akasema zimeisha. Bwana Picha akaomba radhi. Ana mabinti wawili, alisema. Akampa kadi mpya, bure, tupu.

Halafu akamwambia habari nyingine. Ile picha ya Pijo anaitaka. Itachapishwa na jina lake, Ugbad Bishar. Na mwezi wa nne wana mashindano mengine Naivasha, anataka aende apige, nauli na mahali pa kulala na wanawake wenzake vitakuwepo. Mzee wa Pijo alikuwa hapo, anatingisha kichwa ndiyo, ndiyo.

Mtu mwingine angeruka. Ugbad alisema, asante, nitakujibu nikishaongea na mwenye harusi. Wao hawakuelewa. Mwenye harusi na Pijo wapi na wapi?

Mahat alinivuta kando karibu na tangi la maji.

— Bishar, mimi niliona nyekundu tu. Rangi nyekundu. Basi. Imekwisha. Usimwambie mtu, mimi simwambii mtu.

Macho yake yalikuwa mekundu na ya huruma. Ni mtu mzuri. Nikamshukuru. Nikamwambia Ugbad. Akasema hapana.

— Weris akisikia kwa mtu mwingine, mimi nimekwisha. Si kazi tu. Wale wanawake walicheza mbele yangu, Aabo. Walivua mbele yangu.

Magari yameondoka saa kumi. Yanapiga honi mji mzima, watoto wanakimbia. Pijo ilisimama kwetu. Mzee alitoa mkono dirishani, unatetemeka, nikaushika.

Jumatatu, 17 Februari

Mgongo unauma na leo hakuna kazi. Afadhali kungekuwa na kazi.

Nimco amerudi asubuhi. Harusi imehamia kwa laptopu yake, salama. Baada ya sala ya Alasiri tumeenda kwa Weris, mimi, Ugbad na Nimco na laptopu yake. Ugbad alitaka aongee yeye. Nikasema mimi ndiye nilitoa kadi mfukoni, mimi ndiye nitasema.

Weris alifungua lango, furaha tele. Albamu tayari? Hata siku saba hazijaisha! Karibu, karibu! Nikasema Weris, simama kwanza. Nikamwambia hapo hapo langoni. Hema, laptopu, watu sita. Nilitaja Mahat pia. Nilisema zimefutwa, Ugbad amefuta kwa mkono wake. Nilisema binti aliniambia nisitoe, nikatoa, nilitaka kuona kazi ya mtoto wangu. Hakuna kitu kingine. Hiyo tu.

Sijawahi kuona Weris amenyamaza. Alivuta shiela yake akaishika chini ya kidevu, kama upepo umekuja.

— Na wewe, Bishar. Wewe uliniona?

Ningeweza kusema hapana. Mahat angesema aliona rangi.

Nikasema nilikuona.

 Halafu akawashika wale wasichana wawili kwa mkono, mmoja huku mmoja huku, akawaingiza ndani. Mimi hakuniambia kaa, hakuniambia nenda. Lango ameacha nusu wazi.

Nimekaa nje kwa ukuta. Nimetoa daftari kwa sababu mikono haijui ifanye nini. Naandika huku nasikiliza.

Mwanzo Weris peke yake. Sauti ile ya kuita ngamia. Sitaandika aliyosema. Yalikuwa ya haki.

Halafu Barwaqo analia. Au ni Ugbad. Sijui, mlio ni mmoja.



Halafu Weris akasema lete hiyo kitu hapa, fungua, nataka kuona walichoona. Nasikia kiti kinavutwa. Wanaangalia. Muda mrefu wanaangalia. Mtu anapenga kamasi. Barwaqo akasema kwa sauti ndogo, hooyo, yaani mama, umeonekana kama msichana. Weris akasema nyamaza. Lakini haikuwa nyamaza ya hasira.

 Wanabonyeza.

Halafu Weris:

— Na hii gari inaruka, ilialikwa na nani kwa harusi yangu?

Mtu mmoja akacheka akajizuia. Nadhani ni Nimco. Ugbad hakucheka. Namjua kicheko chake, sikukisikia. Alianza kueleza kitu, polepole, nasikia neno tuta, nasikia Aabo. Nataka kusikia vizuri zaidi lakini lango...

Muse anakuja. Bwana harusi, kutoka msikitini, kanzu nyeupe. Mahat yuko naye. Wameshikana mikono, wanatembea polepole, na Mahat ndiye anaongea, yeye aliyesema hamwambii mtu. Muse ameinamisha kichwa, anasikiliza. Sasa ameinua, ameniona.

Ndani bado wanabonyeza. Hawajui wanaume wamefika.

Nimesimama katikati ya lango. Lazima wapite kwangu kwanza.